NCHI JIRANI: FEDHA ZA SERIKALI NA CHUNGU CHA MWANANCHI

Ndugu wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na polisi, wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leo tunatazama yaliyowapata majirani zetu wa Kenya, Uganda na Rwanda katika miaka ya 2020 na 2021, wakati maradhi ya korona yalipofunga mipaka, viwanja vya ndege, mahoteli na masoko, na uchumi ukazorota kwa ghafla. Serikali za nchi hizo zilitoa fedha na chakula ili kuwaokoa wananchi. Swali letu ni moja: je, serikali inapogawa fedha wakati uchumi umeanguka, mwananchi wa kawaida hunufaika, au fedha hizo hupita juu ya kichwa chake kama wingu lisilo mvua?

Swali hili si la wachumi peke yao. Ni la askari pia, kwani askari ndiye hupelekwa barabarani kulinda amri ya kutotoka nje. Ndiye hubeba magunia ya unga. Na ndiye husimama mbele ya umati wenye njaa. Kabla ya kufika kwa majirani, basi, turudi nyuma kidogo tuone yaliyowafika askari wa nchi nyingine.

Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza hati za malipo ya ziada. Hati hizo zilikuwa zilipwe mwaka 1945. Lakini mwaka 1929 uchumi wa dunia ya kibepari ulianguka, viwanda vikafungwa, na askari wale wa zamani wakajikuta hawana kazi wala akiba, huku wakishika mkononi karatasi inayosema kwamba serikali inadaiwa nao. Mwaka 1932 maelfu yao walikwenda Washington na kupiga kambi pamoja na wake na watoto, wakidai walipwe mapema. Hawakulipwa. Tarehe 28 Julai 1932 polisi waliwaua wawili kwa risasi, na jioni yake jeshi likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur likawafukuza kwa farasi, vifaru na mabomu ya machozi, na kambi yao ikateketezwa kwa moto. Askari aliyekuwa kazini alitumwa kumfukuza askari mwenzake aliyestaafu, na kosa la yule mstaafu lilikuwa ni kudai chake akiwa na njaa.

Miaka minne baadaye, Januari 1936, Bunge lilipitisha malipo yale juu ya kura ya turufu ya Rais Roosevelt. Kuanzia Juni mwaka ule, askari wa zamani zaidi ya milioni tatu walilipwa wastani wa dola 550 hivi kila mmoja, kiasi kilicholingana takriban na wastani wa pato la mtu mmoja kwa mwaka mzima. Fedha zile zilikwenda wapi? Wachunguzi waliozipitia takwimu za wakati ule wamekadiria kwamba katika kila dola moja, kati ya senti 60 na 75 zilitumika upesi. Watu walinunua magari, walitengeneza nyumba, walilipa madeni. Duka lililokuwa halina mteja likapata mteja. Lakini mwaka 1937 malipo yale hayakuwapo tena, kodi mpya ya hifadhi ya jamii ikaanza kukatwa, na uchumi ukaanguka upya. Sababu za anguko lile zilikuwa nyingi, lakini funzo moja ni dhahiri: fedha ya mara moja humnyanyua aliyeanguka, wala haimfundishi kutembea.

Sasa tuje kwa jirani zetu. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 25 Machi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu ya kodi: mfanyakazi apataye mshahara usiozidi shilingi 24,000 za Kenya kwa mwezi aliondolewa kabisa kodi ya mapato, kiwango cha juu cha kodi hiyo kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya ongezeko la thamani ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Aidha, shilingi bilioni 10 ziliongezwa kwa ajili ya wazee, yatima na wanyonge wengine. Tarehe 23 Mei ukatangazwa mpango wa kufufua uchumi wenye thamani ya shilingi bilioni 53.7.

Tuyapime mambo hayo moja baada ya jingine. Kodi ya mapato hukatwa kwa mwenye mshahara. Lakini nchini Kenya, kama ilivyo katika nchi zetu nyingi, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wafanyao kazi nje ya kilimo kidogo wamo katika shughuli zisizo rasmi, ambazo wenyewe huziita jua kali. Fundi wa bati, mama muuza mboga, kijana wa bodaboda na dobi hawana hati ya mshahara. Ukimpunguzia kodi mtu asiyekatwa kodi, umempa nini? Nafuu ile ilimfaa karani, mwalimu, na askari mwenyewe. Lakini yule aliyepoteza kibarua chake siku ile ile amri ilipotangazwa hakuiona. Na kodi ya ongezeko la thamani ikipunguzwa kwa asilimia mbili, bei dukani si lazima ishuke. Mara nyingi mwenye duka hubaki na tofauti hiyo mfukoni.

Njia ya pili ilikuwa ni kutumia daftari lililokwisha kuwapo. Kenya ilikuwa na mpango uitwao Inua Jamii, ambao huwalipa wazee, yatima na walemavu shilingi 2,000 kwa mwezi, na tangu mwaka 2018 kila mzee aliyetimiza miaka 70 alistahili kuingizwa. Kwa hao, kuongeza fedha kulikuwa ni kazi rahisi, kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa na njia ya malipo ilikuwa imefunguliwa. Hili ni jambo la kushika: ghala hujengwa kabla ya njaa, na daftari huandikwa kabla ya msiba.

Njia ya tatu ilikuwa ni kazi. Mwishoni mwa Aprili 2020 ulianza mpango wa Kazi Mtaani, na katika awamu yake ya pili, kuanzia Julai, vijana zaidi ya 270,000 wa mitaa ya makabwela waliajiriwa kuzibua mitaro, kufagia barabara na kufyeka vichaka, kwa ujira wa shilingi 455 kwa siku. Fedha hizo si nyingi. Lakini ziliingia katika simu ya kijana mwenyewe, zikatoka jioni ile ile kwenda kwa muuza unga, na mtaro nao ukabaki umezibuliwa.

Njia ya nne ndiyo iliyoleta malalamiko. Familia za mitaa ya mabanda ya Nairobi ziliahidiwa shilingi 1,000 kwa juma kupitia simu. Julai 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba ni sehemu ndogo tu ya familia zenye dhiki mjini humo iliyopata fedha hizo. Kwamba wengi hawakujua hata masharti ya kuandikishwa. Na kwamba baadhi ya waliokabidhiwa kazi ya kuandika majina waliwaandika jamaa na marafiki zao. Hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo fedha za umma zinapogeuka sumu. Mtu asiyepata kitu pamoja na jirani yake huvumilia. Lakini anayeona kwamba mwenye shibe ameandikwa, na yeye mwenye njaa ameachwa, hapotezi chakula tu, hupoteza pia imani yake kwa dola.

Na askari alikuwa wapi? Tangu tarehe 27 Machi 2020 polisi wa Kenya walisimamia amri ya kutotoka nje usiku. Siku chache tu baadaye mtoto wa miaka 13, aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi, alipigwa risasi katika msako wa kutekeleza amri hiyo, akafa. Hatulisemi hili kwa kumnyooshea jirani kidole. Twalisema kwa sababu kila askari anayesikia hana budi kujiuliza: mtu anayevunja amri ya usiku ili kutafuta kibaba cha unga, je, dawa yake ni rungu au ni unga? Pale msaada unapofika kwa wakati na kwa haki, kazi ya polisi hupungua. Pale usipofika, polisi huachiwa kulipa kwa rungu deni ambalo Hazina haikulilipa kwa fedha.

Uganda ilianza kwa njia nyingine. Aprili 2020 serikali iliamua kugawa chakula katika Kampala na Wakiso: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, kwa watu wapatao milioni moja na nusu waliokusudiwa. Wanajeshi walishiriki katika kuupeleka mzigo huo nyumba kwa nyumba. Rwanda nayo ilikuwa imeanza kugawa chakula mjini Kigali tangu mwishoni mwa Machi, kupitia viongozi wa vitongoji. Chakula kina fadhila yake: hakipandi bei kikiwa tayari chunguni. Lakini ni kizito, kinahitaji malori, maghala na zabuni, na katika zabuni ndimo mlanguzi hujificha. Ilipofungwa nchi kwa mara ya pili, Juni 2021, Uganda iliacha unga ikachagua fedha: shilingi 100,000 za Uganda kwa kila familia, kwa familia zaidi ya 500,000 zilizokusudiwa mijini, kupitia simu. Malori hayakuhitajika tena, lakini tatizo la orodha likabaki pale pale, kwa kuwa jina likikosewa au namba ya simu isipolingana na kitambulisho, fedha haziendi.

Wako wanaosema kwamba kugawa fedha ni kupandisha bei na kuzalisha uvivu. Hoja hiyo isipuuzwe. Ijibiwe kwa ushahidi. Kati ya mwaka 2014 na 2017, shirika la Kimarekani liitwalo GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini, kwa kaya zaidi ya 10,000 katika Siaya, magharibi ya Kenya. Wachumi walifuatilia vijiji 653. Waliona kwamba kila dola iliyoingia iliongeza shughuli za uchumi wa pale kwa takriban dola mbili na nusu. Kwamba hata kaya ambazo hazikupewa zilinufaika, kwa kuwa waliopewa walinunua kwao. Na kwamba bei hazikupanda ila kwa kiasi kidogo mno. Lakini ilikuwa hivyo kwa sababu bidhaa zilikuwapo, barabara zilipitika na mafundi walikuwa na nafasi ya kufanya kazi zaidi. Mwaka 2020 mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika vijiji vya Siaya na Bomet vilivyokuwa vikipokea malipo ya kudumu tangu mwaka 2018, njaa ilipungua kuliko katika vijiji visivyopokea, lakini haikwisha, na biashara ndogo zilizokuwa zimeanzishwa kwa fedha zile zilipata hasara. Fedha ilikuwa ngao. Haikuwa silaha ya kushinda vita.

Mwaka ule 2020 pato la taifa la Kenya lilishuka kwa asilimia 0.3. Januari 2021 kodi ya ongezeko la thamani ilirudishwa asilimia 16, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikarudishwa asilimia 30. Ila msamaha wa wale wa mshahara mdogo ulibaki. Fedha ya serikali haishuki kutoka mbinguni: ama ni kodi ya leo, ama ni deni ambalo watoto watalilipa kesho. Kwa hiyo kuigawa ovyo ni kumwibia mtoto ambaye hajazaliwa.

Nasi tusijione watakatifu. Mpango wetu wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF ulizinduliwa mwaka 2012, na umezifikia zaidi ya kaya milioni moja. Lakini twakumbuka kwamba daftari lake lilipohakikiwa, makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili ziliondolewa. Uhakiki ule ulikuwa ni wa lazima, na hauna mwisho.

Jibu la swali letu, basi, ni hili. Ndiyo, fedha za serikali huisaidia kaya ya kawaida wakati wa dhiki, lakini kwa masharti manne: zimfikie asiye na mshahara na si mwenye mshahara peke yake, daftari liwe limeandikwa mapema na kusomwa hadharani, bidhaa ziwepo sokoni, na malipo yafuatwe na kazi na uzalishaji. Sharti moja likikosekana, wenye nguvu hushiba na wanyonge huhesabiwa.

Askari anayesikiliza analijua jambo hili kuliko wengi. Uchumi unapoanguka mshahara wake hauanguki, na kwa hiyo simu zote za ukoo humjia yeye: shangazi anaumwa, mdogo wake amefukuzwa kazi, mzee hana mbegu. Yeye mwenyewe ni hazina ndogo ya watu wengi, na anajua kwamba shilingi iliyofika kwa wakati huokoa, na iliyopotelea njiani huvunja undugu. Akipewa kesho kulinda lori la unga au kituo cha malipo, akumbuke kwamba analinda undugu wa taifa zima.