Mkate wa Mjini na Maziwa ya Hanang

Mtu akikata mkate asubuhi na kuuchovya katika chai, aghalabu haulizi ngano yake ilitoka wapi. Kinachoulizwa ni bei. Lakini ilikuwapo miaka, tangu ile ya 1970 hadi mwanzoni mwa ile ya 1990, ambapo sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini ilitoka mahali pamoja: uwanda wa Basotu, wilayani Hanang, karibu na mlima wenye jina hilo hilo. Siku hizo mkoa ulikuwa Arusha. Tangu 2002 ni Manyara. Leo napenda tuutazame uwanda huo, na tuanze kabla trekta la kwanza halijafika.

Wenyeji wake ni Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Wengi mjini wanawajua kwa jina la Wamang'ati. Jina hilo walibandikwa na Wamasai na maana yake ni adui, wala sioni adabu ya kumwita mtu kwa jina la ugomvi wake na jirani. Chakula chao kikuu tangu zamani kilikuwa maziwa, na maziwa yanatokana na nyasi, na nyasi zinatokana na mvua, ambayo huko ni haba na haina ahadi. Hivyo walizipanga nyasi kama vile mfanyakazi wa mjini anavyopanga mshahara wake ufike mwisho wa mwezi. Masika mifugo ilipelekwa kwenye mabonde yenye udongo mzito na majani matamu, ambayo wenyewe huyaita muhajega. Kiangazi kikikaribia, ng'ombe waliondolewa huko, wakapelekwa kandokando ya mito na maziwa na kwenye miteremko, ili yale mabonde yapumzike na kuota upya. Ziwa Basotu lina maji baridi ya kunywesha. Balangida lina chumvi ambayo ng'ombe huihitaji. Hakuna eneo hata moja kati ya hayo lililotosha peke yake. Yote pamoja ndiyo yaliyomlisha ng'ombe mwaka mzima, na ng'ombe akawalisha watoto.

Kwamba mnyama, binadamu na ardhi hushikana namna hii si jambo jipya katika sehemu hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki na kufagia ng'ombe kwa makundi. Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wamebaki mifupa na ngozi, wakiomba chochote cha kutia kinywani. Wafugaji wa eneo lote hili waliumia, na ndui ikaja juu ya njaa. Lakini madhara hayakuishia hapo. Palipokosa ng'ombe wa kula majani na watu wa kuchoma na kufyeka, vichaka viliota. Vichaka vikaleta wanyama pori na mbung'o. Mbung'o wakaleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Nchi iliyokuwa malisho ikawa haikaliki kwa miaka mingi. Ndiyo maana baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni wilayani Mbulu ilijishughulisha na kufyeka vichaka vya mbung'o ili watu na mifugo yao warudi, huku ikiwahimiza wenyeji wapunguze mifugo katika sehemu zilizojaa.

Jirani zao Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, walikuwa na njia yao nyingine katika milima ya Kainam. Ardhi yao ni finyu, basi ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na wenyewe, na samadi ikabebwa shambani kila msimu. Ng'ombe alilisha shamba, shamba likamlisha mtu, na mabua yakamrudia ng'ombe. Kazi hiyo ni ngumu, na mgongo wa mwanamke ndio unaoijua zaidi. Watu walipoongezeka, Wairaqw wengi waliteremka kutafuta ardhi mpya pande zote, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Kwa hiyo nafasi ya mfugaji ilikuwa imekwisha kupungua kabla serikali huru haijaja na mpango wake.

Mpango huo ulikuwa ngano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ilianza kulima Basotu kwa mashine kubwa. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, likaja kuwa na mashamba saba, kila moja lenye takriban ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengineyo. Eneo lote lililotwaliwa lilifikia ekari 100,000. Tusiwacheke waliopanga. Miji ilikuwa inakua, watu wake walitaka mkate, na fedha za kigeni za kuagiza unga zilikuwa hazionekani. Kosa lao lilikuwa la macho. Walitazama mabonde yaliyokuwa yamepumzishwa, bila ng'ombe wala boma, wakaandika kwamba ni pori tupu lisilotumika. Kumbe walichokiona ni akiba ya mtu.

Ukiilinganisha na ardhi yote ya Wabarabaig, ekari hizo zilikuwa sehemu ndogo tu, na hoja hiyo ilitumika sana: eti wanalalamikia nini, wamebakiwa na nchi nzima! Lakini zilizochukuliwa ndizo muhajega zenyewe. Mfugaji alipokosa pa kwenda masika, ilimbidi akae mwaka mzima pale alipozoea kukaa kiangazi. Nyasi za huko hazikupata tena nafasi ya kupumzika. Ng'ombe wakakonda, maziwa yakapungua, na familia zikauza mifugo ili zinunue mahindi. Njia za kufikia maji na chumvi zilikatwa na mashamba. Aliyepitisha ng'ombe alikamatwa na kutozwa faini. Hata makaburi hayakusalimika. Wazee wanaoheshimiwa huzikwa na kujengewa kichuguu cha udongo kiitwacho bung'ed, kwa sherehe inayochukua miezi. Majembe ya trekta yalipita juu ya baadhi yake. Nao udongo, ukiwa umeachwa uchi baada ya mavuno, ulichimbwa na mvua ukawa makorongo.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake kadhaa waliishtaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Shirika likakata rufani. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kisheria, na kwamba walalamikaji hawakuthibitisha ipasavyo kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Yaani Mbarabaig aliambiwa alete ushahidi kwamba yeye ni mwenyeji wa Hanang. Mwaka 1987 ikatoka amri ya serikali ya kufuta haki za kimila juu ya ardhi hiyo. Kelele ziliendelea hadi nje ya nchi, na mwaka 1993 tume chini ya Jaji Robert Kisanga ikaenda kuchunguza malalamiko ya ukiukaji wa haki za binadamu.

Wakati huo msaada wa Kanada ulikuwa unafikia kikomo. Mashine zilizotoka ng'ambo zilihitaji vipuri kutoka ng'ambo, na dizeli haioti shambani. Mashamba yakazorota, NAFCO nayo ikafa. Baadhi ya ardhi iligawiwa wananchi, nyingine ikaenda kwa wawekezaji.

Mifugo haikungoja hayo. Familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuhama na ng'ombe wao kupitia Singida na Dodoma hadi Morogoro, Usangu, Rufiji na hata Lindi. Tunapotangaza habari za wafugaji na wakulima kupigana mahali fulani kusini, mara nyingi hutajwa "Wamang'ati wavamizi", na habari inaishia hapo. Usangu waliondolewa tena na serikali mwaka 2006 na 2007, pamoja na Wasukuma na wengineo. Baadhi ya vijana wanaochunga huko kusini walizaliwa huko huko na Ziwa Basotu hawajaliona. Na ngano ya mkate wetu, sehemu yake kubwa sasa inateremshwa melini katika bandari ya Dar es Salaam.