Nani anaamua mwisho wa mchezo?

Wandugu wasomi, mara nyingi tunaulizana: "Ule mchezo, uliumaliza?" Mi naona swali hilo liko na historia, na historia yake inaweza kutusaidia kujua siku gani ya kuweka maneti chini.

Zamani michezo mingi ya video haikuwa na mwisho. Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, Pac-Man ikafuata 1980. Mashine zilikaa ndani ya baa na sali za michezo, na kila mara ulilipa sarafu. Ukikufa haraka, unatoa sarafu ingine. Pac-Man yenyewe ilitengenezwa iendelee bila kikomo, lakini hesabu ya nivo ilihifadhiwa ndani ya baiti moja, ambayo haipiti 255. Ukifika nivo ya 256, nusu ya kuume ya ekrani inajaa herufi zisizo na maana, na huwezi kuendelea. Mwisho ule hakuna mtu aliuamua.

Kisha mashine ikaingia nyumbani. Hapo mtu ameshanunua mchezo wote, sarafu haina kazi tena. Super Mario Bros. ya 1985 ilikuwa na mwisho: unamwokoa binti mfalme. The Legend of Zelda ya 1986 ilikuruhusu kuhifadhi safari yako, ulale, uendelee kesho. Sasa "kumaliza" ikapata maana.

Lakini sarafu ilirudi na nguo ingine. World of Warcraft, 2004, ilitoka na malipo ya kila mwezi. Candy Crush Saga, 2012, unaicheza bure, ila nivo mpya zinaongezwa daima, na ukitaka msaada unalipa. Juu ya hiyo, mwisho haupendwi: mchezaji akimaliza, pesa inakatika.

Kuko hata mtengenezaji aliyeona hatari. Dong Nguyen wa Vietnam aliondoa Flappy Bird mwezi wa Februari 2014, wakati ilikuwa inapakuliwa kupita zingine, akisema watu wameshikwa nayo mno. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani nalo lilipitisha orodha ya magonjwa yenye tatizo la michezo ndani yake. Alama zake si hesabu ya masaa. Ni kushindwa kujizuia, mchezo kupita mambo mengine yote, na kuendelea hata ukiona unakuharibia maisha.

Kwa hiyo mimi natenganisha. Mchezo wenye hadithi naufuata mpaka mwisho, kama bado unanifurahisha. Ukinichosha, nauacha katikati bila haya, sawa na kitabu. Ule usio na mwisho, mwisho naupanga mbele ya kuufungua: mechi mbili, basi. TFC iko na tarehe ya kuweka. Mchezo ule hauna, na waliouunda walitaka hivyo.

Na wewe, ule unaoucheza sasa, nani anaamua mwisho wake?