Shule Iliyofumbua Siri za Bahari

Baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo, Aprili 1942, wavunja misimbo wa Jeshi la Majini la Uingereza walihamishiwa Mombasa, wakapewa Shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Mawimbi ya redio kutoka mbali yalifika huku yamefifia, kazi ikawa ngumu mno. Kisha Septemba opereta mmoja wa Kijapani alisahau kuweka jambo fulani katika ujumbe wa mahali ilipo meli. Akautuma upya, ukiwa umekamilika, kwa funguo zilezile za msimbo. Kosa hilo lilitosha. Nakala mbili zilipolinganishwa, msimbo wa JN-40 wa meli za mizigo za Japani ulianza kufunguka. Kufikia Novemba, wataalamu hawa hodari walikuwa wakiusoma papo kwa papo, meli zikiwa bado safarini.