Sikukuu ya Picha katika Jangwa la Australia

Katikati ya bara la Australia, mbali na bahari pande zote, pana mji uitwao Alice Springs. Wenyeji wake wa asili, watu wa Arrernte, wauita Mparntwe. Huko tangu mwaka 1991 hufanywa kila mwaka sikukuu ya kazi za mikono za watu wa jangwani, nayo huitwa Desert Mob, maana yake Jamaa wa Jangwani. Watu hutoka vijiji vilivyo mbali mamia ya maili, wakipita njia za mchanga mwekundu, nao huleta picha, vyombo vya udongo, kazi za mti na za nyasi. Wasusi wao msiwadharau. Mwaka 2005 wanawake wa Papulankutja walisuka motokaa nzima kwa nyasi, ukubwa wake kama motokaa ya kweli, wakapata tuzo iliyo kuu katika nchi yote kwa kazi za wenyeji.

Mgeni afikapo sokoni huona meza nyingi, kila meza na kijiji chake. Kila kijiji kina nyumba yake ya kazi, na wenye nyumba ile ni wachoraji wenyewe. Ndiyo iuzayo picha na kumpa mchoraji fungu lake. Labda msomaji atasema, Basi, ajabu iko wapi? Mtu kuuza kazi ya mikono yake si jambo la kila siku? Kwa watu hawa haikuwa hivyo, na habari ya Albert Namatjira yaonyesha sababu.

Huyu alizaliwa mwaka 1902 katika misheni ya Kilutheri ya Hermannsburg, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1877, kama maili 80 magharibi ya Alice Springs. Mwaka 1936 alichukuliwa kazi ya kuongoza ngamia wa mchoraji mmoja Mzungu, Rex Battarbee, naye njiani akafundishwa kutumia rangi za maji. Muda wa miaka miwili tu akaonyesha picha zake Melbourne, zikanunuliwa zote. Vilima vya rangi ya zambarau na miti yenye magome meupe ya nchi yake vikatundikwa katika nyumba za watu wengi. Akapata fedha, akalipa kodi. Lakini alipoomba ardhi ya kuchungia ng'ombe, akanyimwa. Alipotaka kiwanja mjini ajenge nyumba, akanyimwa pia.

Mwaka 1957 serikali iliwaandika wenyeji karibu wote wa jimbo lile katika daftari ya watu walio chini ya ulezi wake, kana kwamba ni watoto. Namatjira na mkewe Rubina hawakuandikwa, bali watoto wao hawakupewa uhuru ule. Sasa baba alikuwa na ruhusa ya kununua pombe, na ndugu zake hawakuwa nayo. Desturi ya watu wake yamlazimu mtu kugawana na jamaa alicho nacho. Sheria ya serikali ikamkataza. Mwaka 1958 alihukumiwa kwa kumpa ndugu yake pombe, akafungwa miezi miwili huko Papunya. Akafa mwaka 1959, umri wake miaka 57. Mimi naona kwamba uhuru wa namna ile ulikuwa mtego.

Katika Papunya iyo hiyo, mwaka 1971, alikuja mwalimu wa shule, jina lake Geoffrey Bardon. Aliwaona watoto darasani wakichora wapanda farasi wa senema, lakini walipokuwa nje walichora mchangani kwa vidole alama za wazee wao. Akawahimiza wachore hizo. Wazee waliposikia wakaja wenyewe, naye Kaapa Tjampitjinpa na wenzake wakachora ukutani pa shule habari ya sisimizi wabebao asali, maana mahali pale ni pao. Mwaka 1972 wachoraji wakaunda kampani yao wenyewe, Papunya Tula. Ukuta ule, la! Mwaka 1974 ulipakwa rangi juu, na picha ikapotea.

Duara na mistari ile si pambo tu. Yaeleza njia walizopita mababu wa kwanza walipokuwa wakiumba vilima na visima, na mwenye haki ya kuchora njia fulani ndiye mwenye nchi ile. Kwa hiyo picha ni kama hati ya shamba. Tena mna mambo ya siri. Katika picha za kwanza zilionekana alama ambazo wanawake na vijana hawana ruhusa kuziona. Wazee wengine wakakasirika, hata wachoraji wakaziacha au wakazificha chini ya vitone vingi. Waliopita jandoni hawataona neno hili kuwa geni: ya kumbini hayatangazwi sokoni.

Lakini hati ikisha kutoka mkononi mwa mwenyewe, faida yamwendea nani? Mwaka 1977 Clifford Possum Tjapaltjarri alichora picha kubwa iitwayo Warlugulong, ikanunuliwa kwa dola 1,200. Alikufa mwaka 2002. Mwaka 2007 picha hiyo iliuzwa kwa dola milioni 2.4. Sheria ya mwaka 2009 imeamuru kwamba picha iuzwapo tena kwa dola 1,000 au zaidi, asilimia 5 impate mchoraji au warithi wake, ingawa si kila mauzo yamo ndani yake.

Jamaa ya Namatjira walingoja zaidi. Haki ya kuchapa nakala za picha zake iliuzwa na mdhamini wa serikali mwaka 1983 kwa dola 8,500, ikawa mali ya kampani moja ya kuchapa. Wajukuu wakaidai miaka mingi, hata mwaka 2017 ikarudishwa kwa amana ya ukoo, kwa bei ya dola moja. Baadhi ya wajukuu hao huchora katika nyumba ya kazi ya Iltja Ntjarra mjini Alice Springs, kwa rangi za maji, vilima vile vile alivyovichora babu yao.