Shahidi wa Udongo

Nilipoanza kusoma historia niliamini kuwa pasipo maandishi hapana ushahidi. Udongo wa Gubbio, Italia, ulinibadilisha. Huko, kati ya matabaka ya mawe ya chokaa, upo ukanda wa udongo wenye unene wa sentimita moja hivi. Chini yake visukuku vya viumbe vidogo vya baharini ni vingi. Juu yake karibu vyote vimetoweka. Mwaka 1980 Walter Alvarez, baba yake Luis na wenzao wawili walieleza kuwa udongo huo una iridiamu nyingi mno, metali iliyo adimu ardhini kuliko katika vimondo. Wanajiolojia wengi walisita, maana tangu Lyell walifundishwa kuwa dunia hubadilika polepole. Siwalaumu, shimo lenyewe lilikuwa halijatambuliwa. Lilitambuliwa mwaka 1991, limefukiwa Chicxulub, Meksiko, upana wake kilomita 180 hivi.