Tiba ya Tezi Dume: Historia Nzima Kwenye Barabara ya Galula

Vitabu vya historia ya tiba hupenda kupanga mambo kama foleni ya benki. Kwanza mrija wa kutolea mkojo, nyuma yake kisu, halafu waya wa umeme, mwisho kidonge. Kila anayefika anamwondoa aliyekuwepo. Kwa ugonjwa wa kuvimba tezi dume picha hiyo haisimami, na mahali pazuri pa kuliona hilo ni barabara inayotoka Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya, ikiteremka kwenda Galula katika bonde la mto Songwe. Wanajiolojia wanaifahamu Galula kwa miamba iliyopewa jina lake, ambamo yalipatikana mabaki ya dinosaria Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014. Kwenye miamba, tabaka la zamani liko chini na la karibuni liko juu. Tiba ya tezi dume haikujipanga hivyo. Upasuaji wa mwaka 1900, mpira wa miaka ya 1930 na vidonge vya miaka ya 1990 vyote viko kazini leo, kwa wakati mmoja. Utakachopata kinategemea umefika kilomita ya ngapi.

Tezi yenyewe ni kitu kidogo. Kwa kijana ina gramu 20 hivi, imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Shida ni pale ilipokaa. Baada ya miaka 40 kwa wanaume wengi huanza kukua tena, na uchunguzi wa maiti umeonyesha kuwa karibu nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60 wana uvimbe huu, hata kama si wote wanaosumbuliwa nao. Si saratani, na haugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatika njiani. Mzee anaamka mara tatu, mara nne usiku. Kibofu kinasukuma kwa nguvu zaidi na zaidi mpaka kinachoka, na siku moja kinagoma kabisa.

Wapo mtaani wanaosema hayo ni malipo ya ujana. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, ila imelengwa kwenye ugonjwa mwingine: kisonono cha zamani kinaweza kuacha kovu ndani ya mrija, na kovu nalo huziba mkojo. Kichocho pia kinaweza kuharibu kibofu. Tezi dume haihitaji kosa lolote. Inahitaji umri na homoni za kiume tu.

Kibofu kikigoma, tiba ya kwanza ni ileile tangu zamani: tafuta njia ya kupitisha mrija. Warumi walikuwa na mirija ya metali iliyopindwa, na baadhi ilifukuliwa Pompeii. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika juu ya mrija wa fedha. Mwaka 1752 Benjamin Franklin, yule wa umeme wa radi, alibuni mrija wa fedha wenye viungo vinavyopinda, kwa ajili ya kaka yake John aliyekuwa na jiwe kwenye kibofu. Yote hiyo ilikuwa mirija ya kuingiza, kumwaga mkojo na kutoa. Ukitaka ukae ndani, uufunge kwa nyuzi au plasta, na ulikuwa ukichomoka kila mara. Mpira laini ulikuja baada ya Charles Goodyear kugundua mwaka 1839 namna ya kuuimarisha kwa salfa na joto.

Mpira unaoonekana leo kwenye wodi zetu, wenye puto dogo linalojazwa maji ili usichomoke, ni kazi ya Frederic Foley, daktari wa Minnesota nchini Marekani, aliyeuonyesha kwa wenzake mwaka 1935. Katika vita vya hataza alishindwa na mtu aliyeitwa Paul Raiche, lakini jina lililobaki ni la Foley. Lile puto Foley hakulitengeneza kwa ajili ya mzee wa kukaa na mpira mwaka mzima. Alikuwa anatafuta namna ya kuzuia damu baada ya upasuaji wa tezi dume: puto linajazwa, linavutwa, linabana pale palipokatwa. Kilikuwa kifaa cha siku chache, kinachotumika baada ya tiba yenyewe.

Kwenye barabara yetu kifaa hicho kimegeuka kuwa tiba yenyewe. Kumwekea mtu mpira ni jambo ambalo muuguzi wa kituo cha afya analiweza bila umeme na bila chumba cha upasuaji, na linaokoa maisha. Sitaki kulibeza hata kidogo: mtu aliyezibwa mkojo siku mbili, figo zikiwa zimeanza kuumia, anapata nafuu ndani ya dakika chache. Tatizo ni kinachofuata. Anaambiwa arudi baadaye kwa ajili ya hatua nyingine, na hatua nyingine iko kwenye hospitali kubwa, nauli haipo, msimu wa mpunga umefika. Mpira wa kawaida wa lateksi unapaswa kubadilishwa kila baada ya wiki nne hivi. Ukikaa zaidi unaziba, unajenga chumvi ngumu mithili ya mawe, unaleta maambukizi. Mzee anatembea na mfuko wa mkojo chini ya kanzu au ndani ya suruali, anaacha kwenda kanisani au msikitini, anaacha vikao vya ukoo. Wiki mbili zilizotajwa hospitalini zinakuwa miezi minane.

Basi tuje kwenye hiyo hatua nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari walishajua kwamba tezi hii inalishwa na korodani, kwa hiyo wengine wakaamua kukata mzizi. J. William White wa Philadelphia alitoa mwaka 1895 taarifa ya wagonjwa zaidi ya 100 walioondolewa korodani zote mbili ili tezi isinyae. Kwa wengine ilisinyaa. Baadhi walikufa, na waliopona hawakufurahia sana bei waliyolipa. Njia hiyo ikaachwa upesi, lakini wazo lake lilikuwa sahihi, na tutakutana nalo tena.

Kisha akaja Peter Freyer, mzaliwa wa Ireland aliyetumikia miaka mingi kama daktari wa serikali ya kikoloni India. Desemba 1900, London, alimpasua mzee wa miaka 69 chini ya kitovu, akafungua kibofu, akaingiza kidole. Kwa kidole hicho, bila kuona anachogusa, akaimenya tezi kutoka kwenye ganda lake kama mtu anavyotoa nyama ya chungwa akaacha ganda, huku kidole cha mkono mwingine kikiisukuma kutoka njia ya haja kubwa. Freyer alitangaza njia hiyo kuwa yake. Eugene Fuller wa New York alikuwa ameshaifanya miaka ya 1890, na ugomvi wao uliendelea magazetini kwa muda mrefu. Mwaka 1945 Terence Millin, naye wa Ireland, akaonyesha namna ya kuifikia tezi bila kupasua kibofu.

Upasuaji wa aina ya Freyer na Millin haujafa. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado ndio njia kuu, na ni rahisi kusema kwamba sababu ni umaskini wa vifaa. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba tezi ikifika gramu 80 au 100, hata miongozo ya Ulaya inaukubali upasuaji wa wazi. Mtu anayechelewa miaka mitano nyumbani ndiye anayefika na tezi ya ukubwa huo. Umbali wenyewe unazalisha ugonjwa unaostahili kisu cha mwaka 1900.

Kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo, bila mshono, kulianza na kifaa cha Maximilian Stern mwaka 1926, kikaboreshwa miaka michache baadaye na Joseph McCarthy. Ndani ya miaka 50 ndiyo ikawa njia ya kawaida katika nchi tajiri. Inahitaji mwanga mkali ndani ya bomba jembamba, waya wa umeme, maji maalumu yasiyopitisha umeme, na zaidi ya yote daktari aliyefundishwa kwa muda mrefu. Tanzania mafunzo hayo yalikita mizizi KCMC, Moshi, na ukitoka Galula hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami na vumbi. Sina la kuongeza hapo.

Kidonge ndicho kilichopaswa kuishinda barabara hii. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za watoto wa kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na kulelewa kama wasichana, kisha wakageuka wavulana wakati wa kubalehe. Miili yao haikuwa na kimeng'enya cha kuigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, na tezi dume zao zilibaki ndogo maisha yote. Hapo wazo la White likarudi, safari hii bila kisu: ziba kimeng'enya hicho, uziache korodani salama. Finasteride iliruhusiwa Marekani mwaka 1992. Inahitaji miezi sita au zaidi kuipunguza tezi. Tamsulosin, iliyoruhusiwa huko mwaka 1997, hufanya kazi ndani ya siku chache kwa sababu haigusi ukubwa. Inalegeza misuli iliyoubana mrija. Tahadhari yake kubwa ni kizunguzungu mzee anaposimama ghafla.

Dawa hizi za kulegeza misuli zinabadilisha hata hadithi ya mpira. Majaribio yameonyesha kuwa mtu aliyezibwa mkojo ghafla akianzishiwa dawa hiyo, kisha mpira ukatolewa baada ya siku mbili tatu, nafasi ya kukojoa mwenyewe inaongezeka. Si kwa wote. Lakini kwa wengine ile miezi minane haikuwa ya lazima. Kilichokosekana ni kidonge cha siku chache na mtu wa kusema, "Hebu tujaribu kuutoa."

Upande wa pili wa barabara, kule juu kwenye misitu ya milimani ya Nyanda za Juu Kusini, na vilevile Kilimanjaro, Kenya na Kamerun, kuna mti ambao Wakikuyu huuita muiri na Wachaga mkonde-konde. Kwa sayansi ni Prunus africana, ndugu wa mti wa lozi, na majani yake ukiyafikicha yananukia lozi kweli. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume kutokana na gome lake. Ulaya ikaipenda. Miaka ya 1990 zaidi ya tani 3,000 za gome ziliuzwa kwa mwaka, na mwaka 1995 mti ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Ukibandua robo mbili zinazotazamana mti unaweza kupona. Ukibandua mzunguko mzima unakufa, na wabanduaji wanaolipwa kwa kilo hawana muda wa kupima robo.

Je, linafanya kazi? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002 yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Safari za chooni usiku zilipungua kwa asilimia 19 na kasi ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Ni nafuu ya wastani, na mengi ya majaribio hayo yalikuwa mafupi. Gome lililochemshwa na kuuzwa kwenye chupa ya maji sokoni halijapimwa hivyo. Kipimo chake hakijulikani. Na kwa mtu aliyekwisha kuzibwa mkojo, au mwenye figo zilizoanza kuumia, kunywa gome ni kupoteza siku. Hata hivyo gome lilisafiri kutoka milima ya Afrika hadi maduka ya dawa ya Paris kwa urahisi kuliko kidonge kinavyosafiri kutoka Mbeya kuteremka bondeni.

Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo gharama za matibabu. Msamaha huo haulipi basi, wala chakula cha kijana anayemsindikiza, wala dawa inayokosekana dirishani ikabidi ikanunuliwe duka la nje.

Kuna kifaa kimoja cha historia hii ambacho hakihitaji nauli. Mwaka 1992, mwaka uleule wa finasteride, chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kilichapisha maswali saba kwenye karatasi moja: unaamka mara ngapi, mkojo unakatika mara ngapi, unajikamua mara ngapi, na mengine. Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumla ya 7 kushuka chini ni dalili ndogo, 8 hadi 19 za wastani, 20 hadi 35 kali. Mhudumu wa zahanati anaweza kuyauliza miaka kadhaa kabla kibofu hakijagoma, wakati vidonge bado vinatosha. Ugumu uko kwingine: mhudumu ni binti wa miaka 24, mgonjwa ana umri wa babu yake, na mkwewe amekaa kwenye benchi palepale. Anayeijua kazi yake humtoa mkwe nje kwanza, anafunga mlango, ndipo anaanza: "Shikamoo babu. Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"