Liemba ilikuwa meli ya vita

Wandugu wanachama, vijana wetu wanaijua Liemba kama bato ya HCR tu. Wazazi wa wazazi wetu waliisikia kwa jina lingine: Graf von Götzen.

Wajermani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaitia ndani ya masanduku 5,000 na kuiunga tena Kigoma. Iliingia majini Februari 1915. Baadaye ikapewa mzinga wa manowari Königsberg. Upande wetu, kule Kalemie, Wabeleji hawakuwa na meli ya kuiweza. Waingereza walileta viboti viwili, Mimi na Toutou. Vile vilikamata Kingani tarehe 26 Desemba 1915, vikazamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Götzen hawakuigusa.

Kusema kweli, ilipigana kidogo sana. Ilibeba askari na chakula, na ilitisha. Mwaka 1916 ule mzinga ulipelekwa kwa vita ya inchi kavu, na mahali pake wakaweka wa mti. Mzinga wa mti, wandugu!

Tarehe 26 Julai 1916, Wabeleji wakikaribia Kigoma, mafundi walipaka mashini mafuta mazito, kisha wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Yale mafuta ndiyo yaliiponya. Waingereza waliiinua 1924, mashini zikiwa nzima, na 1927 wakaiita Liemba.

Nyuma ya Mobutu kuanguka, mwaka 1997, ilienda safari 22 toka Kigoma mpaka Uvira, ikirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000.